Ukakasi wa Mbegu za Mwaloni

Jumapili, 6 Novemba 2016

Leo nimeonja mwaloni! Mti wenyewe sijawahi kuuona — kwangu ni jina la Sunday school tu. Gunia moja limeletwa ghalani kama sampuli, kutoka Uturuki. Mbegu za kahawia, laini, ndefu kiasi cha kifundo cha kidole. Clifford, karani wa stoo, alinimiminia kiganjani.

"Fridah, wewe si ulisomea mifugo? Ati hizi zinaweza kulisha mbuzi?"

Nikavunja moja kwa meno. Ndani unga, mafuta kidogo. Halafu ukakasi — ulimi wote ukakauka kama nimelamba ukuta. Tanini! Kama maganda ya migunga kule kwetu Tharaka. Miaka miwili nilikaa chuo cha mifugo, diploma iko kwenye sanduku chini ya kitanda, na hapa Jebel Ali mimi ni mlinzi wa mlangoni tu. Tangu nifike Dubai hakuna aliyewahi kuniuliza kitu ninachokijua. Leo nimeulizwa.

Clifford anasema shayiri imekuwa ghali, na Mzee Himid, mwenye ghala hili la chakula cha mifugo, anatafuta cha kuziba pengo. Atakayemletea maelezo yanayoeleweka atapewa kazi ya lishe, ofisini, na visa yake itahamishiwa kwa Mzee mwenyewe. Mzee anaongea Kiswahili, kwao ni Unguja. Akipita mlangoni hunisalimia, "Umeamkaje, mwanangu?"

Ofisini! Kwenye AC! Naandika leo leo.

Alhamisi, 10 Novemba

Ukurasa wa kwanza tayari. Wanga zaidi ya nusu. Mafuta kuliko shayiri. Nguvu anayopata mnyama, karibu sawa. Protini ndiyo ndogo, kama nusu ya shayiri, kwa hiyo lazima ichanganywe na majani ya lusani, yenye protini nyingi. Mbuzi wakubwa wanavumilia tanini kuliko ng'ombe. Robo ya chakula, isizidi.

Niliandika pia kwamba nguruwe wananenepa nazo kuliko kitu kingine chochote. Nikafuta. Umpelekee Mzee Himid sentensi hiyo — khalas, yamekwisha!

Ukurasa wa pili ni wa hatari zake, na bado. Nimeloweka mbegu kwenye ndoo bafuni hapa Al Qusais, maji yamekuwa rangi ya chai. Joweria, Mganda tunayelala naye chumba kimoja, ameuliza ni dawa ya kumroga nani. Nikacheka. Nataka nihesabu siku ngapi mpaka maji yatakate.

Ukurasa wa kwanza nimempa Clifford ampelekee Mzee. Walinzi hatupandi ofisini. Ameahidi atasema ni wangu. "Sister, si sisi ni watu wa fellowship moja?"

Jumatatu, 14 Novemba

Tangazo limebandikwa ubaoni. Clifford, Feed Supervisor. Chini yake karatasi yangu, imepigwa chapa, jina lake juu. Neno kwa neno! Hata kosa langu — niliandika "protien" — ameliiba nalo.

Nilimngoja kwenye ngazi. Nikamuuliza, Clifford, hii ni nini?

"Mimi ndiye nilimpelekea Mzee. Wewe uliandika tu."

Uliandika tu!

Ijumaa, 18 Novemba

Fellowship. Clifford akaomba nafasi ya ushuhuda. Shati jipya. Akasema alikesha katika maombi, na Bwana akamfunulia siri iliyofichwa ndani ya mbegu ya mti asioujua. Watu Amina, Amina! Mchungaji akamwekea mikono kichwani. Kina mama wakapiga vigelegele.

Nami nilipiga makofi. Nimerudi nyumbani nikaiosha mikono hii kwa sabuni mara mbili.

Jumatano, 23 Novemba

Nimehamishwa. Feed Supervisor ameiandikia kampuni yetu ya ulinzi kwamba nawapigisha wafanyakazi soga. Kuanzia kesho niko geti la malori, nje, vumbi na moshi wa dizeli. Kibanda hakina hata feni.

Ukurasa wa pili umekamilika. Maji yalitakata siku ya nane. Nimeandika: mbegu za kijani, ambazo hazijakomaa, ni sumu. Zenye maganda, zisitumike. Ndama wasipewe kabisa, wala wenye mimba — zinaharibu figo. Ziloweshwe siku nane, maji yabadilishwe kila siku, chokaa kidogo itiwe. Mistari kumi na minne. Hajui hata mmoja!

Nimeukunja nikauweka mfukoni mwa yunifomu. Siku atakapouhitaji, mimi nitakuwa nimesahau kusoma na kuandika.

Jumanne, 6 Desemba

Na mambo yake yanamnyookea! Kontena la kwanza lilikuwa safi — mbegu zimekomaa, zimekaushwa, zimemenywa. Yekoniya anasema mbuzi wanang'aa. Yekoniya ndiye mchungaji wa mifugo ya Mzee Himid kule izba, shamba lake la mifugo nje ya mji. Ni Mnyankole wa Uganda, mtu wa ng'ombe toka tumboni. Kila wiki anakuja na pick-up kuchukua chakula, na akifika getini kwangu hapigi honi kama wengine. Anashuka, ananipa maziwa kwenye chupa ya maji. "Nyabo, kunywa, jua hili litakumaliza." Nyabo kwao ni bibie.

Leo kanionyesha picha za ndama kwenye simu. Wanane. Mmoja kampa jina, Mugisha, maana yake baraka. Alimlea mwenyewe kwa chupa, mama yake alikufa akizaa.

Clifford kapita na gari la ofisi. Nikachukua muda mrefu sana kuinua kizuizi. Dakika nne. Nilikagua mpaka tairi ya akiba.

Jumanne, 13 Desemba

Ee Mungu wangu. Ee Mungu wangu!

Kontena la pili. Nimekata sili, nimefungua mlango nihesabu magunia kama kawaida. Harufu ya unyevu ikanipiga. Gunia moja limepasuka — kijani! Zote kijani, maganda juu, na vile vikofia vyake. Mtu kazichuma kabla ya wakati ili awahi soko. Nimeuma moja nikatema hapo hapo, mdomo umekaza kama umeshonwa.

Clifford akaja na faili. Akachota kidogo, akanusa kama anayenunua ndizi. Nikamtazama. Akasema, "Fresh! Hizi ni fresh kuliko zile za kwanza." Akasaini.

Kasaini!

Ningeweza kusema neno moja. Nilifunga mlango wa kontena, nikamwambia dereva, yalla, pita.

Nimefurahi. Naandika ukweli hapa maana hapasomi mtu: tangu mwezi jana sijafurahi hivi. Mbuzi hawatakufa, watakonda na kuharisha kidogo, Mzee atauliza kulikoni, na bingwa wa maono atakosa jibu. Nitakuwa nimekaa kibandani kwangu nakunywa maziwa.

Alhamisi, 15 Desemba

Yekoniya alichukua mzigo jana. Leo nasikia kwa madereva: Feed Supervisor ameongeza bidii. Sasa ndama pia wanapewa, ili wanenepe upesi.

Ndama! Nani kamwambia ndama? Ukurasa wa kwanza unasema mbuzi, tena wakubwa. Nimesimama na simu mkononi, namba ya Yekoniya iko hapo. Nikimwambia, atamwambia Clifford, maana ndiye bosi wake wa chakula. Clifford atazirudisha, ataonekana kaokoa mifugo, Ijumaa atatoa ushuhuda mwingine. Naweza hata kuusikia.

Nimerudisha simu mfukoni. Ndama ni wagumu. Labda watazikataa wenyewe, ni chungu.

Jumanne, 20 Desemba

Hawakuzikataa. Zimechanganywa na molasi.

Yekoniya leo hakuleta maziwa. Kaegesha, kaja kibandani, kofia mkononi. Anasema ndama watatu hawali. Wanakunywa maji kama wamelishwa chumvi, wanakojoa maji matupu. Pua kavu. Choo kigumu, halafu cheusi kama lami.

"Nyabo, nimechunga tangu nikiwa na miaka sita. Ugonjwa huu siujui."

Mimi naujua. Kila alichotaja ni mstari wangu. Karatasi iko kifuani, chini ya beji, hatua moja kutoka kwake.

Nimemwambia awape majani makavu tu. "Hiki kingine kiache kwanza." Kasema hawezi, Clifford anapima mabaki kila asubuhi. Akavaa kofia akaenda.

Siku mbili tatu zaidi. Mzee mwenyewe aone. Jambo hili likikomeshwa mapema litaitwa bahati mbaya. Nataka lionekane kwa jina la Clifford.

Alhamisi, 22 Desemba

Mugisha amekufa.

Yekoniya hakupiga simu, katuma picha. Ndama kalala ubavu, miguu imenyooka, na mkono wa Yekoniya juu ya shingo yake. Hakuna maneno.

Jioni madereva wameleta mengine. Clifford kaandika ripoti: mchungaji amezembea, hakuwanywesha maji ya kutosha. Hakuwanywesha! Wanyama waliokunywa mpaka tangi likakauka! Yekoniya anafutiwa visa. Ana miaka saba hapa.

Clifford sikumpata. Nilimlenga yeye, na aliyeanguka ni mtu anayeniletea maziwa.

Ijumaa, 23 Desemba

Sikwenda fellowship. Nimemweleza Joweria yote, yeye kapiga magoti anakunja nguo. Hakuinua kichwa.

"Karatasi unayo?"

"Ninayo."

"Na bado uko hapa umekaa?"

Nikamwambia hajui alichonifanyia Clifford. Akasema anakijua, nimemsimulia kila siku tangu Novemba, angeweza kukiimba. "Lakini yule Mnyankole alikufanyia nini?"

Nikatoka kununua mkate ambao hatukuuhitaji.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Kazini kama siku nyingine.

Saa nne nimefunga kibanda, nimevuka uwanja, nimepanda ngazi. Hakuna aliyenizuia, nadhani kwa mshangao. Mzee Himid yuko mezani. Clifford kasimama pembeni na faili. Yekoniya kakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, macho chini. Karatasi za kumrudisha kwao ziko mezani.

Nikasema, "Sir, aliyemuua ndama si Yekoniya. Ni hizi." Nikamwaga juu ya meza mbegu za kijani nilizookota ghalani. Moja ikabingirika mpaka kwenye kikombe chake.

"Sir, huyu ni mlinzi wa geti," Clifford akasema.

"Namjua. Hebu mwache aseme. Nambie, mwanangu."

Nimengoja siku hii arobaini na moja, tangu lile tangazo. Nikageuka. "Nataka kwanza Feed Supervisor atuambie. Kwenye ripoti yake ameandika mbuzi wanavumilia tanini. Tanini ni nini?"

AC inanguruma. Clifford akalamba midomo.

"Ni... ni aina ya vitamini."

Ah! Hata nikizeeka nitakumbuka sura ile! Jasho, ndani ya AC! Nikasema pole pole, kama mwalimu: ndicho kinachokausha ulimi, sir, kinamfunga ndama choo, kinamla figo. Nikatoa karatasi, nikaikunjua mbele ya Mzee, nikasoma mistari yote kumi na minne. Nikasema na ule wa kwanza ni wangu, diploma yangu ipo, nitaileta.

Mzee kasikiliza mpaka mwisho. Kaichukua mbegu iliyokuwa kando ya kikombe, kaiuma, kakunja uso, kaitema kwenye kitambaa. Kamgeukia Clifford.

"Kijana, wewe umenila."

Halafu mimi. "Na wewe umejua lini?"

"Alhamisi, sir. Niliposikia ndama amekufa."

Limenitoka hivyo hivyo, bila hata kujikwaa. Yekoniya aliinua macho, akanishukuru kwa kichwa. Zile karatasi zake Mzee kazichana.

Jumatatu, 26 Desemba

Izba. Mzee kaniazima kutoka kampuni yangu ya ulinzi kwa wiki moja, niwatibu waliobaki. Wawili wako hatarini, watano wanasimama. Na Clifford? Hajafukuzwa. Bado! Mzee kasema, "Utamfata huyu bibi, kila atakalokwambia utalifanya, mpaka nijue la kukufanya."

Mungu ni mkubwa.

Nimemfanya azoe magunia yote ya kijani kwa mikono, pakacha kwa pakacha, mpaka nje ya ua. Amebeba ndoo za maji kutoka tangi la mbali. La karibu lipo, sikumwonyesha. Nikimtuma namwita kwa cheo: "Feed Supervisor, mafuta ya kunywesha!" "Feed Supervisor, choo cha huyu, kiangalie rangi yake, uniambie." Anakiangalia. Ananiambia. Viatu vya ofisini vimekwisha.

Saa saba kakaa chini, mikono imechubuka. "Fridah, ungesema."

"Ungeuliza."

Sikumwonea huruma. Nilijipapasa ndani nikaitafuta, haipo.

Mzee alipita alasiri. Kaona ndama wawili wanacheua. Kasema kazi ya lishe ni yangu kama Yekoniya ataridhia, maana wanyama ni wake kuliko wa mtu yeyote, na hataki tena mtu wa ofisini ambaye mchungaji wake hamwamini. "Kesho n'takuja nimuulize mwenyewe." Yekoniya alikuwa upande wa pili wa zizi, hakusikia. Nalala na ile AC ya ofisini kichwani.

Jumanne, 27 Desemba

Saa mbili asubuhi. Naandika nimekaa juu ya debe, ndama mweupe kaniegemeza kichwa gotini. Huyu ndiye mbaya zaidi. Macho yamevimba chini. Nimemnywesha maji ya chumvi na sukari kwa chupa tangu alfajiri, mimi na Yekoniya kwa zamu.

Nimeharibu.

Tulikuwa tunaongea tu. Yekoniya kaokota mbegu moja iliyobaki kwenye hori, kaniuliza, hivi hata kwa macho mtu aliyesoma anaweza kuitambua? Nami, kwa kujisifu — nikasema ndiyo! Nilipofungua tu lile kontena, ile rangi, ile harufu, nikajua.

Nikajisikia nikiyasema.

Hakushtuka. Kaigeuza geuza mbegu kwenye vidole.

"Ulifungua wewe?"

"Mimi niko geti, Yekoniya. Nafungua yote."

"Mimi nilichukua mzigo tarehe kumi na nne. Wewe ulifungua lini?"

Ningeweza kudanganya, nilishadanganya kwa Mzee na haikuniuma. Lakini ndama alikuwa kati yetu, mkono wa Yekoniya uko chini ya taya, wangu juu ya shingo.

"Kumi na tatu."

Kahesabu. Kwa sauti ya chini, kwa lugha yao, kidole kwa kidole. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, kaenda wa pili, vikaisha, karudi kwenye wa kwanza. Viwili. Siku kumi na mbili, mpaka Krismasi nilipopanda ngazi.

"Na siku ile nilikuja kibandani na kofia yangu."

"Ndiyo."

"Nikakwambia choo cheusi."

"Yekoniya, nilikuwa namtaka Clifford. Si wewe. Wallahi si wewe, wala si Mugisha."

"Usitaje jina lake."

Kanipokonya chupa, hata si kwa nguvu, kama unavyomtoa mtoto kisu mkononi. Kamalizia kumnywesha ndama mwenyewe. Halafu kainuka, kaenda kwenye tangi — la karibu — kajaza ndoo mbili. Moja kampa Clifford, kamwonyesha njia fupi. Clifford kanitazama. Anajua kuna kitu. Bado hajajua ni nini.

Hajanitukana. Ningependa anitukane.

Ndama amekojoa sasa hivi. Rangi yake nzuri, ya njano kidogo! Figo zinaamka. Nimegeuka nimwambie — nimekuta nageukia mgongo.

Gari la Mzee limeingia. Nimesikia mlango. Hakuja huku kwa ndama, ameenda moja kwa moja kwa Yekoniya kule tangini. Kamwekea mkono begani. Anamuuliza. Mikono ya kanzu inapepea, siwezi kusikia neno. Yekoniya kavua kofia. Clifford kaacha kuchota, kasimama na ndoo hewani.

Siwezi kuondoka, kichwa cha ndama kiko gotini, nikimwacha ataanguka.

Yekoniya amegeuka, ananitazama. Anafungua mdomo, na kidole kwa kidole anaanza kumhesabia Mzee zile siku.